Mradi Ukimeguka, Nani Anashika Funguo?

Tarehe 20 Machi 2024 kampuni ya Redis ilitangaza kuwa hifadhidata yake, kuanzia toleo la 7.4, haitatolewa tena kwa leseni huria ya BSD. Siku nane baadaye Linux Foundation, taasisi isiyo ya faida inayosimamia miradi ya programu huria, ikatangaza Valkey, mradi uliomeguka kutoka Redis 7.2.4 ukiungwa mkono na AWS (kitengo cha huduma za wingu cha Amazon), Google Cloud, Oracle, Ericsson na Snap. Toleo lake la kwanza, 7.2.5, lilitoka tarehe 16 Aprili. Mwezi ulikuwa haujatimia.

Wengi waliishangilia kasi hiyo. Lakini kumega mradi wa programu huria, au kufanya foku kama wanavyosema wenye kazi hii, huchukua dakika chache: unanakili hazina ya msimbo pamoja na historia yake yote, unabadilisha jina, unaendelea. Ugumu unaanza siku ya pili. Watu walioondoka kwa sababu kampuni moja au mtu mmoja aliamua peke yake, wao wenyewe wataamuaje? Na ni nini kitakachomzuia mmoja wao, miaka mitano ijayo, kufanya kilekile kilichowakimbiza?

Redis yenyewe ina somo hapa, kwa sababu kabla ya mwaka 2024 ilikuwa na uongozi wa pamoja. Salvatore Sanfilippo, aliyeianzisha mwaka 2009, aliachia utunzaji wake mwishoni mwa Juni 2020. Baada yake ikaundwa timu kuu ya watu watano: watatu wa Redis Labs, mmoja wa Alibaba na mmoja wa AWS. Kwa kutazama orodha ya majina ungesema madaraka yamegawanywa. Ila watatu kati ya watano ni asilimia 60, alama ya biashara ilikuwa ya kampuni, na leseni ya BSD inamruhusu yeyote kuuchukua msimbo na kuutoa upya kwa masharti mengine. Siku kampuni ilipobadili leseni, wale wawili wa nje hawakuwa na chombo chochote cha kuzuia. Wote wawili wakawa miongoni mwa walioanzisha Valkey.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba uongozi wa foku hugawanywa kwa kugawa vitu vinavyoshikika, na vyeo vinafuata baadaye. Vitu hivyo vinahesabika: jina, kikoa cha intaneti, akaunti inayobeba hazina ya msimbo, funguo za kusaini matoleo (zinazothibitisha kuwa toleo limetoka kwa mradi wenyewe), akaunti za sajili za vifurushi (ambako watu hupakua programu), anwani ya kupokea taarifa za usalama, hakimiliki ya msimbo, na mishahara ya wanaoufanyia kazi. Kimoja tu kati ya hivi kikibaki mikononi mwa mtu mmoja, au kwa mwajiri mmoja, katiba yote iliyoandikwa juu yake inaning'inia hewani.

Kikoa, jina na akaunti

Kikoa ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Anayeshika akaunti ya msajili wa kikoa anaweza kubadili rekodi za DNS, zinazoonyesha jina la kikoa linaelekea seva zipi. Anayebadili rekodi za DNS anaweza kuzielekeza kwake baruapepe zote za mradi. Anayepokea baruapepe za mradi anaweza kuomba nywila mpya kwenye karibu kila akaunti nyingine: sajili ya vifurushi, huduma ya kujengea matoleo, hata akaunti ya michango ya fedha. Kikoa kilicholipiwa kwa kadi ya benki ya mwanachama mmoja kina nguvu kuliko kamati nzima, na mara nyingi hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Mtu alikuwa na haraka na kadi ilikuwa karibu.

Ukoo wa Gogs unaonyesha gharama yake. Gogs, programu ya kuhifadhia hazina za Git iliyoanza mwaka 2014, ilikuwa na mtunzaji mmoja mwenye ruhusa ya kuunganisha msimbo. Wachangiaji waliochoka kusubiri wakaimega mwaka 2016, na Gitea ikazaliwa. Wakajifunza somo la kwanza vizuri: kila mwaka watunzaji walipiga kura kuchagua wamiliki watatu. Uchaguzi ulifanyika kweli, na viongozi walibadilika. Lakini kikoa na alama ya biashara havikuwa chini ya taasisi ya jumuiya. Oktoba 2022 jumuiya ilitangaziwa kuwa vitu hivyo sasa ni vya kampuni ya kibiashara, Gitea Limited. Barua ya wazi ya malalamiko ikafuata, na Desemba mwaka huohuo mradi ukameguka tena, ukazaliwa Forgejo. Safari hii kikoa kikawekwa chini ya Codeberg e.V., chama kisicho cha faida kilichosajiliwa Berlin chenye wanachama wanaopiga kura. Mwaka 2024 Forgejo ilienda mbali zaidi, ikaacha kuifuata Gitea na kubadili leseni kutoka MIT, yenye masharti machache kama BSD, hadi GPL, inayodai kila toleo lililobadilishwa na kusambazwa libaki huria.

Mara mbili ukoo mmoja umemeguka, na sababu ya pili ilikuwa imejificha ndani ya dawa ya ile ya kwanza. Waligawa kura bila kugawa mali.

Kwa hiyo kabla ya kutangaza foku, tafuta taasisi ya kushika mali. Si lazima uunde mpya. Software Freedom Conservancy, Software in the Public Interest na Linux Foundation zote hupokea miradi, kila moja kwa masharti yake, na maombi huchukua wiki hadi miezi. Katika kipindi cha kusubiri, andikeni makubaliano mafupi kwamba fulani anashika kikoa kwa niaba ya mradi na atakikabidhi kwa taasisi itakayochaguliwa, kisha yawekwe hadharani kwenye hazina ya msimbo siku ya kwanza. Yana nguvu ndogo mahakamani kuliko umiliki wa taasisi, lakini yanamnyima mtu nafasi ya kusema baadaye kwamba kikoa kilikuwa chake tangu awali. Lipieni kikoa miaka kadhaa kwa mkupuo, na baruapepe ya kuingilia kwenye akaunti ya msajili isiwe ya kikoa hichohicho, maana kikoa kikikwama hamtaweza hata kuingia kukirekebisha.

Jina nalo huwasumbua wanaodhani wameshalipata. Waliomega Terraform, programu ya kusimamia miundombinu ya kompyuta, mwaka 2023 walianza na OpenTF, wakahamia OpenTofu. Hudson, seva ya kujengea programu, ilipogombaniwa na Oracle mwaka 2011, jumuiya ilipiga kura 214 dhidi ya 14 kuchukua jina la Jenkins. Valkey ilianza na jina la muda, PlaceholderKV, ili watu waendelee kuandika msimbo wakati jina la kudumu likitafutwa na kuchunguzwa. Huo ni mfano mzuri wa kuiga: jina la muda ambalo hakuna anayelipenda haliwezi kugombaniwa, na hakuna anayechapisha fulana zake.

Kuhusu akaunti ya hazina ya msimbo kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka liwafike. Katika huduma kama GitHub, mmiliki yeyote wa shirika anaweza kuwaondoa wamiliki wenzake wote. Ukiweka wamiliki kumi ili kugawa madaraka, umeongeza milango ya mvamizi kuingia na umempa kila mmoja uwezo wa kuwafukuza wengine tisa. Ukiweka mmoja, akiugua mradi unasimama. Watatu wanatosha, wa waajiri watatu tofauti na ikiwezekana mabara tofauti, na taasisi inayoshika mali iwe na akaunti ya nne isiyotumika kwa kazi za kila siku. Watunzaji wengine wote wapewe ruhusa ya kuunganisha msimbo bila umiliki. Misimbo ya dharura ya kurejesha akaunti ichapishwe kwenye karatasi na ihifadhiwe sehemu mbili.

Ufunguo wa kusaini matoleo usiwe mmoja unaozunguka mikononi mwa watu. Kila anayetoa toleo awe na wake, na orodha ya funguo zinazokubalika iwe faili ndani ya hazina, ibadilishwe kwa idhini ya watu wawili. Miradi ya Apache, taasisi inayolea miradi mingi ya programu huria, imetumia funguo za watu binafsi na orodha ya namna hiyo kwa miaka mingi. Pale ambapo ufunguo mmoja wa msingi haukwepeki, ugawanywe kwa mbinu ya Adi Shamir ya mwaka 1979: vipande vitano kwa watu watano, na vitatu vyovyote vikikutana vinaufungua. Watu wawili hawawezi kuutumia kwa siri, na watu wawili wakipotea mradi haufi.

FFmpeg na Libav

Hakuna mfano unaonifikirisha kama huu. Tarehe 18 Januari 2011 kundi la watengenezaji wa FFmpeg, programu ya kuchakata video na sauti iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, lilitangaza uongozi mpya na kumwondoa Michael Niedermayer, aliyekuwa akiuongoza mradi tangu 2004. Malalamiko yao hayakuwa ya kubuni: walitaka kila badiliko lipitiwe na mtu mwingine kabla ya kuunganishwa, na kanuni zimbane kila mtu sawasawa. Waliwashinda wenzao kwa kushika seva. Jina na kikoa havikuwa vyao. Niedermayer akaendelea na FFmpeg, na mnamo Machi kundi lile likalazimika kujiita Libav.

Kwa miaka minne Libav ilionekana kushinda, kwa sababu Debian na Ubuntu, mifumo ya uendeshaji ya Linux inayotumiwa na wengi, zilisambaza vifurushi vyake. Mtumiaji wa Ubuntu aliyeandika amri ya ffmpeg aliambiwa imepitwa na wakati, atumie avconv. Maelfu waliamini FFmpeg imekufa, ilhali ilikuwa hai na inasonga. Ujumbe ule ulileta uchungu ambao haujaisha hadi leo, na ulikuwa kosa la uongozi kabla ya kuwa kosa la ufundi: kamati ilitumia njia ya usambazaji kumaliza mzozo ambao haikuwa imeumaliza kwa hoja.

Wakati huohuo Niedermayer alifanya jambo ambalo Libav haikulifanya. Aliunganisha mabadiliko ya Libav ndani ya FFmpeg karibu kila siku. Aliyechukua FFmpeg alipata kazi ya pande zote mbili. Aliyechukua Libav alipata ya upande mmoja. Dosari zilizorekebishwa FFmpeg zilikawia kufika Libav au hazikufika kabisa, na wasiwasi huo wa usalama ukawa sehemu ya sababu za Debian kurudi FFmpeg mwaka 2015. Tarehe 31 Julai mwaka huo Niedermayer akajiuzulu uongozi ili njia ya maridhiano ifunguke. Toleo la mwisho la Libav lilitoka mwaka 2018.

Kanuni za Libav kuhusu mapitio ya msimbo zilikuwa nzuri. Waliokosea ni wale waliodhani kanuni nzuri zinatosha kuwaleta watu. Mapitio ya lazima kwenye mradi wenye wachangiaji wachache huwa foleni: viraka, yaani mabadiliko yanayotumwa na wachangiaji, vinangoja wiki, mwandishi anakata tamaa, anakwenda jirani ambako kazi yake inaunganishwa jioni hiyohiyo. Foku changa yenye watunzaji wanne haiwezi kudai idhini mbili kwa kila badiliko dogo la nyaraka. Idai idhini mbili kwenye msimbo wa kiini na umbo la data, na moja kwenye mengine, mpaka idadi ya watu iongezeke.

Hesabu ya viti

Desemba 2014 wachangiaji wa Node.js, programu ya kuendeshea msimbo wa JavaScript kwenye seva, waliochoshwa na mwendo wa kampuni ya Joyent waliumega mradi na kuuita io.js. Kanuni zao zilikuwa na kifungu ambacho kimeigwa sana: kamati ya ufundi iwe na watu 6 hadi 12, na wasizidi theluthi moja wanaofanya kazi kwa mwajiri mmoja. Mtu akibadili kazi na theluthi ikavunjika, lazima mmoja wa mwajiri huyo aondoke mara moja. Valkey nayo imeweka kikomo cha theluthi kwa kamati yake.

Kikomo hicho kina hesabu ambayo wanaokiandika huisahau. Kamati ya watu watano, theluthi yake ni mtu mmoja na ushee, hivyo mwajiri hapati zaidi ya kiti kimoja, na lazima mpate waajiri watano tofauti kabla kamati haijakaa. OpenTofu ililiweza hilo kwa sababu kampuni zilizouasisi, zikiwemo Spacelift, env0, Scalr, Harness na Gruntwork, zilikuwapo tangu mwanzo. Kamati ya watu sita inaruhusu wawili kwa mwajiri mmoja. Saba, bado wawili. Tisa, watatu. Kwa foku isiyo na kampuni tano nyuma yake, saba ndiyo idadi ninayoipendekeza: haigawanyiki nusu kwa nusu, na mwajiri mkubwa mwenye viti viwili anahitaji kuwashawishi watu wengine wawili ili apate wingi.

Kifungu hicho pia kihesabu kampuni tanzu kama mwajiri mmoja na mama yake, na kimhesabu mfanyakazi wa mkataba sawa na mwajiriwa. Bila maneno hayo mawili, kampuni inawahamishia watu wake kwenye tawi lenye jina jingine na theluthi inabaki mapambo.

Kuna foku zinazoanza na viongozi wawili wenye hadhi sawa, kwa kawaida marafiki waliogoma pamoja. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na kwenye programu huria hawakai kwa sababu ya hesabu ya kawaida: kura moja dhidi ya moja haina mshindi. Wawili hao wakitofautiana kuhusu toleo, hakuna utaratibu wa kutoka hapo zaidi ya mmoja kumchosha mwenzake. Kama hamuwezi kumpata wa tatu, gawaneni maeneo kwa maandishi, mmoja awe na neno la mwisho kwenye matoleo na usalama, mwingine kwenye muundo wa msimbo, na mtajane mapema mtu wa nje atakayeamua eneo lisilo na mwenyewe. Kumtafuta msuluhishi baada ya ugomvi kuanza hakuwezekani. Kila jina litakalopendekezwa litaonekana la upande mmoja.

Kura, turufu na saa 72

Io.js iliamua kwa njia ya kutafuta maafikiano. Jambo likijadiliwa hadi kuonekana limekubalika, mwenyekiti huuliza kama kuna anayepinga. Asipopatikana, limepita. Wakishindwa kuafikiana, mjumbe yeyote anaweza kuomba kura ya kuufunga mjadala, na wingi wa kawaida unaamua. Ile kura ya mwisho ndiyo inayoyafanya maafikiano yawezekane. Pale ambapo kura haipo kabisa, mtu mmoja mwenye subira anaweza kulizuia jambo miezi mingi, na wenzake wataita hali hiyo majadiliano.

Apache wana mgawanyo ambao kila foku ingefaa kuuiga. Mtunzaji anaweza kulizuia badiliko la msimbo kwa kura ya turufu, lakini sharti atoe sababu ya kiufundi. Bila sababu, turufu ni batili. Toleo haliwezi kuzuiwa kwa turufu kamwe. Linahitaji kura tatu za ndiyo na ndiyo ziwe nyingi kuliko hapana, na upigaji kura uwe wazi kwa angalau saa 72. Mantiki yake ni ya vitendo: badiliko baya la msimbo linaumiza wote na linaweza kusubiri, lakini mtu mwenye uwezo wa kuzuia toleo ana uwezo wa kuzuia pia marekebisho ya usalama yaliyomo ndani yake.

Muda wa kusubiri ni haki ya watu wa mbali. Io.js ilitaka badiliko libaki wazi saa 48 siku za kazi na 72 mwishoni mwa juma. Mkutano wa saa 9 alasiri kwa UTC, saa ya kimataifa, ni saa 12 jioni Dar es Salaam na Nairobi, saa 2 asubuhi Seattle wakati wa kiangazi, na saa 5 usiku Beijing. Kamati kama ya Valkey, yenye watu wa Marekani, Ulaya na China, haina saa ambayo wote wako macho na wana nguvu. Kwa hiyo mkutano ujadili, lakini uamuzi uandikwe na uachwe wazi siku tatu kabla ya kuhesabika. Mradi unaoamua kwenye simu ya video umeshawanyang'anya kura wale waliolala, hata kama majina yao yamo kwenye orodha ya kamati.

Uhusiano na mzazi

Foku haiachani na mradi iliotoka. Oktoba 2025 ilitangazwa dosari ya usalama yenye namba CVE-2025-49844 kwenye sehemu ya Redis inayoendesha Lua, lugha ndogo ya programu, ikapewa alama 10.0, ya juu kabisa. Ilikuwa imekaa humo takriban miaka 13, muda mrefu kabla ya mmeguko, kwa hiyo Valkey ilikuwa nayo pia na ililazimika kutoa viraka vyake. Mambo ya namna hii hayasubiri viongozi wa pande mbili waanze kusalimiana. Siku ya kwanza chagueni watu watatu wa kupokea taarifa za siri za usalama, mwandikieni mzazi kwa adabu anwani yao, na mpeni ahadi ya kutunza siri mpaka tarehe mtakayokubaliana. Kamati nzima isiwemo kwenye orodha hiyo.

Kuchukua msimbo wa mzazi ni suala jingine, na hapa uamuzi wa mtu mmoja unaweza kuwagharimu wote. Ukimega mradi kwa sababu ya leseni, kila mstari ulioandikwa upande wa pili baada ya badiliko la leseni huruhusiwi kuuchukua. HashiCorp ilibadili leseni ya Terraform Agosti 2023 kutoka MPL, leseni huria, kwenda BUSL, inayowazuia washindani wa kibiashara kuutumia msimbo. Aprili 2024 ikaituhumu OpenTofu kwamba imenakili msimbo wa leseni mpya; OpenTofu ilijibu kwa kuonyesha kuwa msimbo ule ulitokana na sehemu za zamani zilizokuwa chini ya MPL. Iliweza kujibu kwa sababu historia ya kila mstari ilikuwepo. Andikeni kanuni kwamba aliyesoma utekelezaji mpya wa mzazi hatatekeleza kipengele hichohicho kwenye foku, na kwamba kila badiliko lina saini ya cheti cha asili ya msimbo, ule mstari wa Signed-off-by ambao Linux ilianza kuutumia mwaka 2004.

Cheti hicho kina faida nyingine ya uongozi. Hakihamishi hakimiliki. Mradi ukiomba kila mchangiaji aikabidhi haki yake kwa chombo kimoja, chombo hicho kinaweza kubadili leseni siku moja. Hakimiliki ikibaki kwa mamia ya watu chini ya leseni kama MPL au GPL, hakuna kamati, hata iliyochaguliwa kwa kura safi, inayoweza kuufunga mradi bila idhini ya watu hao. Kwa maoni yangu huu ndio mgawanyo wa madaraka wenye nguvu kuliko yote niliyoyataja, na haugharimu hata senti. Valkey imebaki na BSD, kwa sababu zinazoeleweka za watumiaji wake. Ulinzi wake basi unategemea jina kuwa chini ya Linux Foundation na theluthi kuheshimiwa.

Mishahara, na mlango wa wasio na mshahara

Katiba zote hukutana na ukweli mmoja: anayelipwa saa 40 kwa juma ataandika msimbo mwingi kuliko anayefanya kazi hii usiku baada ya kazi nyingine. Baada ya mwaka mmoja, kampuni yenye wahandisi sita ndiyo inayojua kila kona, na theluthi ya viti haibadilishi hilo. The Document Foundation, taasisi ya LibreOffice (programu huria za kazi za ofisi), ilijaribu kutenganisha fedha na kura: kampuni zinazolipa zinakaa kwenye bodi ya ushauri, wakati wakurugenzi huchaguliwa na wanachama binafsi. Inasaidia upande wa taasisi. Upande wa msimbo dawa ni ndogo zaidi na ya kila siku: badiliko la mfanyakazi wa kampuni fulani lipate idhini ya angalau mtu mmoja wa nje ya kampuni hiyo, na kanuni hiyo iwekwe kwenye mfumo wenyewe wa kuunganisha msimbo, isiachiwe uungwana. Itapunguza kasi. Kampuni italalamika. Kasi hiyo iliyopungua ndiyo muda ambao mtu wa pili anajifunza sehemu ambayo vinginevyo ingejulikana na mmoja tu.

Wanaokaa miezi sita bila kazi yoyote wahamishiwe orodha ya heshima, ruhusa zao ziondolewe, na warudi kwa ombi la mstari mmoja. Akaunti iliyolala yenye ruhusa kamili ni hatari kubwa kuliko mjumbe mkorofi.

Bado linabaki suala la nani anaingia. Miradi mingi humwalika mtunzaji mpya kwa kujuana: ameonekana kwenye mikutano, anafanya kazi kampuni ambayo tayari ina mtu ndani. Mwandishi wa programu wa Mwanza au Kisumu, ambaye viza na nauli ya mkutano wa Ulaya ni mapato ya miezi kadhaa, hana njia ya kujulikana namna hiyo hata kazi yake ikiwa bora. FFmpeg, baada ya yote iliyoyapitia, iliunda mwaka 2020 baraza kuu ambalo kigezo chake cha kuingia kinahesabika kwa mashine: aliyeandika viraka zaidi ya 20 kwenye hazina kuu katika miezi 36 iliyopita ana kura. Baraza hilo huchagua kamati mbili za watu watano, moja ya ufundi na moja ya jumuiya. Kigezo hicho kina upungufu, maana hakimhesabu anayeandika nyaraka nje ya hazina, anayetafsiri au anayejibu maswali ya watumiaji, na foku mpya inaweza kukirekebisha kwa kuzihesabu kazi hizo pia. Lakini namba iandikwe, iwe 20 au 10, pamoja na tarehe ambayo orodha ya wapiga kura hutolewa upya kila mwaka, ndani ya faili la uongozi lililo kwenye hazina yenyewe, kabla mchangiaji wa kwanza wa nje hajatuma kiraka chake.